Mstari mmoja wa mipangilio: historia ya kuiambia programu data iko wapi

Leo naomba tuweke kando habari za simu mpya, tuangalie kitu kidogo ambacho wengi wetu hukiandika kwa haraka bila kukitazama mara ya pili. Ukiwa na programu yoyote ya kugawa data, iwe ni seva ya ramani, ya picha za setilaiti au ya takwimu za mvua, lazima kuna mahali kwenye faili ya mipangilio unapoiambia data imekaa wapi. Mstari wenyewe huwa kama huu:

file:///data/landsat/

Halafu siku moja diski inajaa, au wakubwa ofisini wanaamua kila kitu kihamie kwenye wingu. Unaufuta mstari ule na kuandika huu:

s3://landsat/

Herufi chache tu zimebadilika. Programu inakuahidi kwamba mengine yote yatabaki vile vile: ramani zitachorwa, watumiaji hawatajua kitu. Ahadi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 50, na imevunjwa mara nyingi. Ilipokuja kutimizwa, walioitimiza ni watu walioacha kujifanya kwamba umbali haupo. Nataka tuifuate tangu mwanzo, kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi hii inahusu picha za ardhi yetu wenyewe.

Tuanzie Bell Labs, Marekani. Mwongozo wa toleo la kwanza la Unix, mfumo wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulitoka Novemba 1971, na ndani yake tayari kulikuwa na amri ya mount, yaani kupachika. Wazo lao lilikuwa rahisi. Faili zote ni mti mmoja wenye shina moja, shina linaloandikwa kwa alama ya mkwaju tu. Ukileta diski ya pili, unaipachika kwenye tawi mojawapo la mti ule ule. Anayefungua faili hana haja ya kujua iko kwenye diski ipi, anafuata njia tu.

Waliokulia kwenye MS-DOS wanajua utaratibu mwingine, ule wa herufi, uliorithiwa kutoka CP/M. A na B zilikuwa za disketi, C ikawa ya diski kuu. (Ndiyo sababu hata leo kompyuta ya Windows isiyo na tundu la disketi bado inaanza kuhesabu kwenye C. Mizimu ya teknolojia haifukuziki!) Mimi ni mtu wa Unix, lakini nakiri kwamba herufi zilikuwa na ukweli fulani ndani yake. Ukiona A, unajua ni disketi, unajua itachelewa, na unajua mtu anaweza kuichomoa. Unix ilikuficha hayo yote. Wakati diski zote zimo ndani ya sanduku moja, kuficha hakuna ubaya.

Ubaya ulianza waya ulipoingia kati.

Mwaka 1984 wahandisi wa kampuni ya Sun Microsystems huko California walitengeneza NFS, na mwaka uliofuata ikaanza kuwafikia wateja. NFS ilichukua amri ile ile ya kupachika na kuinyoosha hadi kwenye mashine nyingine. Sasa tawi la mti wako lingeweza kuwa kwenye seva iliyo chumba cha pili au jengo la pili, na programu zako zisihisi chochote. Hazikuhitaji kuandikwa upya hata mstari mmoja. Kwa wakati wake hii ilikuwa kama miujiza, na ndiyo maana NFS ikaenea kila palipokuwa na Unix.

Lakini diski iliyo ndani ya sanduku lako ina hali mbili tu: inafanya kazi, au imekufa na kompyuta nzima imekufa nayo. Seva ya mbali ina hali ya tatu, nayo ni kimya. Umeiuliza, haijibu. Je, imekufa? Imezidiwa? Waya umekatika? Au imeshafanya ulichoomba, ila jibu limepotea njiani? Programu iliyozoea diski haina swali kama hilo kichwani. Ndipo watu wa NFS wakalazimika kuongeza chaguo kwenye mipangilio. Kuna kupachika kugumu: seva ikinyamaza, programu yako inasubiri hadi irudi, hata kama ni kesho kutwa, na skrini inaandika kwamba seva haijibu, bado tunajaribu. Kuna kupachika laini: baada ya muda fulani programu inarudishiwa kosa. Hilo la pili linasikika vizuri mpaka ukumbuke kwamba programu nyingi hazikuwahi kuandikwa kushughulikia kosa la aina hiyo, na faili inaweza kubaki nusu bila mtu kujua. Ilibidi uchague, kuganda au kuharibika.

Mwaka 1994 watafiti wanne wa Sun hiyo hiyo, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, waliandika ripoti fupi kuhusu mifumo iliyotawanyika, nayo ikawa maarufu. Hoja yao ni kwamba kitu kilicho mbali hakiwezi kufanywa kionekane kama kilicho karibu, hata ukiwa fundi kiasi gani. Tofauti ya kasi mtu anaweza kuivumilia kwa kununua vifaa vizuri. Isiyovumilika ni hiyo ya sehemu moja kufa huku nyingine zikiendelea kuishi. Na mfano waliouchambua ulikuwa NFS, mtoto wa nyumbani kwao. Ukitaka kusoma kitu kimoja tu cha zamani mwaka huu, tafuta ripoti hiyo. Kurasa zake si nyingi.

(Upande wa Windows mambo yalikuwa yakienda sambamba kwa itifaki iliyoitwa SMB. Andrew Tridgell, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Canberra, Australia, aliichambua na kuandika seva yake mwenyewe katika miaka ya 1991 na 1992. Alipolazimika kubadilisha jina la programu yake, aliiamuru kompyuta imtafutie kwenye kamusi maneno yenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Ndipo tukapata Samba. Tuendelee.)

Wakati huo huo wavuti ilikuwa inakua, nayo haikujifanya kitu. Anwani ya wavuti inaanza kwa kutaja itifaki, halafu jina la mashine, halafu njia. Kila anayeisoma anajua hii si diski yake. Tim Berners-Lee mwenyewe alisema mwaka 2009 kwamba ile mikwaju miwili ya mwanzo haikuwa na lazima, lakini ukiniuliza mimi, mikwaju hiyo ilikuwa kibao kizuri cha kuonya kwamba unavuka mto. Mwaka 1997 toleo la HTTP 1.1 likachapishwa likiwa na kipengele ambacho wachache walikijali: kivinjari kinaweza kuomba kipande cha faili badala ya faili nzima, kwa mfano baiti ya 16,384 hadi ya 32,767. Weka hilo akilini, litarudi.

Sasa twende kwenye picha za setilaiti, maana huko ndiko swali la data iko wapi linakouma zaidi. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa Julai 1972. Picha moja hufunika eneo la takriban kilomita 185 kwa 180. Hapa kwetu Kituo cha Kikanda cha Upigaji Ramani wa Rasilimali kwa Maendeleo, RCMRD, kilianzishwa Nairobi mwaka 1975, na kwa miaka mingi data ya namna hii ilikuwa kitu cha kushika mkononi: kanda, kisha CD. Katikati ya miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa MapServer, moja ya seva za kwanza za ramani za programu huria. Faili yake ya mipangilio ina mstari wa kutaja folda na mwingine wa kutaja faili, basi. Chanzo cha data ni folda, na folda iko kwenye diski ya seva. Ukitaka Kenya nzima, nunua picha, zinakiliwe, andika njia.

Na kununua kulikuwa kununua kweli. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Hesabu inatisha kwa mradi wa chuo unaotaka kulinganisha msitu wa Mau miaka kumi mfululizo. Mwaka 2008 shirika la USGS likatangaza kwamba hazina yote ya Landsat itatolewa bure kupitia intaneti, na kufikia mapema 2009 ilikuwa hivyo. Dunia ikashangilia. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa bado hatuna hata waya mmoja wa baharini. Kila baiti ilipita angani kwa setilaiti za mawasiliano, kwa bei ya ajabu, na waliokuwa wakikaa saiba wanakumbuka kusubiri barua pepe moja ifunguke. Faili ya megabaiti 250 kwenye laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, kama laini hiyo ni yako peke yako na haikatiki, huchukua karibu saa 9. Bure ilikuwepo, ila ilikuwa ng'ambo. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010.

Tukirudi nyuma kidogo, tarehe 14 Machi 2006 Amazon ilikuwa imefungua huduma ya S3. Bei ya mwanzo ilikuwa senti 15 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, na senti 20 kwa kila gigabaiti inayosafirishwa. Hiyo senti 20 ndiyo ya kuangalia. Kwenye diski yako, kusoma ni bure. Kwenye wingu kusoma kuna ankara.

S3 haikuwa diski, na waliitengeneza hivyo kwa makusudi. Hakuna mti, hakuna folda. Kuna ndoo, na ndani ya ndoo kuna vitu vyenye majina marefu. Ile mikwaju unayoiona ndani ya jina ni herufi kama herufi nyingine, macho yetu tu ndiyo yanayochora folda. Hakuna kuhariri katikati ya faili: unaweka kitu kizima au unakichukua, kizima au kipande. Hakuna kubadilisha jina, ila kunakili upya na kufuta cha zamani. Na kwa miaka mingi ukishaweka kitu kipya juu ya cha zamani, aliyesoma mara moja baadaye angeweza kuonyeshwa kile cha zamani. Hali hiyo iliisha Desemba 2020 tu.

Unaweza kukisia wanaprogramu walifanya nini. Walijaribu kuipachika! Zikatokea programu za kuifanya ndoo ionekane kama folda ya Linux, na zilifanya kazi vizuri hadi mtu alipoendesha juu yake programu inayobadilisha majina ya faili elfu kumi. Watu wa Hadoop walipitia njia hiyo hiyo kwa uchungu zaidi. Mfumo wao ulimalizia kila kazi kwa kubadilisha jina la folda ya muda kuwa folda ya mwisho, jambo ambalo kwenye diski ni kufumba na kufumbua, na kwenye S3 ni kunakili data yote upya. Waliandika kiunganishi kilichoitwa s3, kisha s3n, kisha s3a, kila kimoja kikiokoa kilichoshinda kilichotangulia. Anayekuta viambishi hivyo vitatu kwenye faili za zamani za mipangilio asidhani ni makosa ya uchapaji. Ni matabaka, kama ya udongo.

Na mstari wenyewe wa mipangilio haukubaki mmoja. Njia ya faili ilitosha peke yake. Ndoo inataka jina lake, eneo ilipo, wakati mwingine anwani ya huduma, na funguo mbili: moja ya kujitambulisha na nyingine ya siri. Funguo zenyewe zinaweza kuwa kwenye vigezo vya mazingira, au kwenye faili iliyofichwa kwenye folda yako ya nyumbani, au mashine yenyewe ikapewa wadhifa (tangu 2012) na kuomba funguo za muda. Programu inatafuta mahali hapo pote kwa mpangilio wake, na inachukua ya kwanza inayoikuta. Nusu ya maswali ninayoulizwa na vijana wanaoanza kazi hii ni ya namna hiyo: kwangu inafanya kazi, kwenye seva inakataliwa. Angalia ni funguo zipi zimechukuliwa, mara nyingi si zile unazodhani.

Kwenye diski, ruhusa zilikuwa suala la watu waliomo ndani ya jengo. Kwenye ndoo, chaguo moja likiwa wazi, jengo ni dunia. Juni 2017 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya Marekani, Deep Root Analytics, iliacha wazi ndoo yenye taarifa za wapiga kura karibu milioni 198. Hakuna aliyevunja mlango, mlango haukuwa umefungwa. Ilichukua hadi Aprili 2023 kwa Amazon kuzifanya ndoo zote mpya zizaliwe zimefungwa.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda. Karibu kila programu ya kusoma picha za setilaiti inategemea maktaba moja iitwayo GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam, raia wa Canada, mwaka 1998. Mwanzoni mwa 2011 ilitoka na kiambishi kipya, /vsicurl/, kilichoandikwa na Even Rouault wa Ufaransa. Ukikiweka mbele ya anwani ya wavuti, GDAL inaisoma picha kana kwamba iko kwenye diski, ikitumia kile kipengele cha mwaka 1997 cha kuomba vipande. Mwaka 2016 kikafuata /vsis3/ kwa ajili ya ndoo, na baadaye vya Google na Azure. Kwa hiyo mstari wa mipangilio ukaweza kubadilika kweli, bila kupachika chochote.

Lakini je, kasi? Picha za TIFF za kawaida zilipangwa kwa ajili ya diski. Pikseli huandikwa mstari kwa mstari, kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, na ile orodha inayoeleza nini kiko wapi inaweza kukaa popote, hata mwishoni mwa faili. Ukitaka mraba mdogo wa kuzunguka Ziwa Nakuru, data yake imetapakaa kwenye mamia ya mistari. Kwenye diski, kuruka huku na huku ni milisekunde chache. Kwenye wavuti kila mruko ni safari ya kwenda na kurudi. Kutoka Nairobi hadi jimbo la Oregon, Marekani, safari moja hula sehemu kubwa ya nusu sekunde. Zidisha kwa mia tatu!

Machi 2015 picha za Landsat 8 zilianza kuwekwa kwenye ndoo ya wazi ya Amazon, huko huko Oregon, na wahusika walifanya jambo dogo la busara. Badala ya kuweka mfuko mmoja uliobanwa wa karibu gigabaiti nzima, kila bendi ya rangi iliwekwa faili yake, na ndani ya faili pikseli zilipangwa kwa vigae vya mraba badala ya mistari mirefu. Pamoja nazo kukawa na nakala ndogo za picha ile ile, kwa ajili ya anayetazama kwa mbali. Mwaka 2016 mpangilio huo uliwekewa kanuni na kupewa jina, COG, yaani TIFF iliyotayarishwa kwa wingu: orodha ije mwanzoni, vigae vifuate, nakala ndogo ziwemo. Julai 2023 jumuiya ya viwango ya OGC iliupitisha rasmi. Programu yoyote ya zamani ya TIFF bado inaifungua faili hiyo bila shida. Na ukitaka Nakuru, unaomba orodha kwa safari moja, kisha vigae vichache, umemaliza.

Tazama kilichotokea hapo. Miaka 30 watu walihangaika kuficha umbali ndani ya programu, ili faili zisibadilike. Hawa waliacha programu karibu ilivyo na kuipanga upya faili. Walihesabu safari.

Kuna chaguo moja la GDAL linalolielezea jambo hili kuliko hotuba yoyote: GDAL_DISABLE_READDIR_ON_OPEN. Jina baya, najua. GDAL ikifungua picha, kwa desturi inaorodhesha kwanza folda nzima, kuona kama kuna faili ndogo zinazoandamana na picha hiyo. Desturi njema kabisa, ya enzi za diski, haigharimu kitu. Kwenye ndoo yenye vitu mamilioni, kuorodhesha ni maombi juu ya maombi, na kila ombi lina muda na senti yake. Ukiandika EMPTY_DIR kwenye chaguo hilo, unaiambia ijifanye folda ni tupu na iende moja kwa moja kwenye faili uliyoitaja. Kama una seva ya ramani inayosoma kutoka kwenye ndoo na inasuasua, anza hapo kabla hujanunua mashine kubwa zaidi.

Lakini vigae havisogezi Oregon. Picha za Mau zilipigwa juu ya Mau, zikahifadhiwa pwani ya magharibi ya Marekani, na anayezihitaji yuko Kasarani. Mwaka 2018 mradi wa Africa Regional Data Cube ulianza kukusanya Landsat kwa nchi tano: Kenya, Tanzania, Ghana, Senegal na Sierra Leone. Ulitumia Open Data Cube, programu iliyotokana na kazi ya shirika la Geoscience Australia, ambayo mimi naiona kuwa jibu nadhifu zaidi kwa swali letu. Hifadhidata yake ya PostgreSQL haibebi picha. Inabeba maelezo ya kila picha na anwani yake tu, na anwani inaweza kuanza kwa file au kwa s3. Bendi zinatajwa kwa njia fupi zinazohesabiwa kutoka kwenye anwani hiyo, kwa hiyo kuhamisha mkusanyiko ni kubadilisha anwani, si kuandika upya maelezo ya kila bendi.

Tarehe 22 Aprili 2020 Amazon ilifungua vituo vyake vya Cape Town. Desemba mwaka huo USGS ilitoa mkusanyiko mpya wa Landsat, faili zote zikiwa COG, kwenye ndoo ya Oregon ambayo anayesoma ndiye anayelipia. Digital Earth Africa, programu ya bara zima ambayo RCMRD ni mmoja wa washirika wake, ikaweka nakala ya Landsat ya Afrika Cape Town, wazi kwa kila mtu, bila funguo. Mipangilio yake inatofautiana kidogo na ya Oregon. Unaiambia programu isitie saini maombi, unataja eneo la af-south-1, na ni lazima ulitaje. Kwenye maeneo ya zamani ya Amazon ukikosea eneo, ombi lako huelekezwa panapofaa. Maeneo yaliyofunguliwa baada ya Machi 2019, Cape Town ikiwemo, hukurudishia kosa la 400 na kukuacha ukijikuna kichwa. Mifano mingi ya wenzetu wa Ulaya na Marekani haina mstari huo, kwa sababu wao hawauhitaji.

Halafu tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, siku moja. Kenya, Tanzania na majirani wakayumba. Ndoo za Cape Town zilikuwa salama salimini, ila njia ya kuelekea huko ndiyo iliyokuwa haijulikani. Kimya kile kile cha NFS! Na ukitazama mipangilio ya GDAL utakuta swali la mwaka 1985 bado limekaa pale: GDAL_HTTP_MAX_RETRY, jaribu tena mara ngapi kabla ya kukata tamaa. Usipoandika kitu, jibu ni sifuri. Yaani kupachika laini, laini kabisa. Kwa laini zetu mimi huandika 5, na sekunde kadhaa za kupumzika kati ya jaribio na jaribio.

Jambo la mwisho ni kwamba hata maana ya karibu imehama. Kwa Thompson na Ritchie, karibu ilikuwa ndani ya sanduku. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, pamoja na kanuni zake za jumla za 2021, inasema kwamba data binafsi ya kazi nyeti za taifa, kama usajili wa raia au uchaguzi, ichakatwe kwenye seva zilizo Kenya, au angalau nakala moja inayotumika ikae kwenye kituo cha data kilicho ndani ya Kenya. Karibu sasa ni ndani ya mpaka. Picha ya Landsat haina jina la mtu, inaweza kukaa Cape Town. Orodha ya watu inayochorwa juu yake ni habari nyingine. Bahati nzuri lugha ya S3 imeshakuwa ya kila mtu: Ceph inaizungumza, na MinIO ikatengenezwa kwa ajili hiyo, kwa hiyo ndoo inaweza kuwa kwenye kabati la seva hapa Nairobi na programu isione tofauti ila kwenye anwani ya huduma.

Basi mfumo wa namna hiyo unaishia na vyanzo viwili kwenye faili moja ya mipangilio: kimoja kimeandikwa af-south-1, hakina funguo, kinajaribu tena mara tano. Cha pili kina anwani ya mashine ya mjini, kina funguo mbili, na chini yake kuna maelezo mafupi ya kumkataza atakayefuata asikihamishe kabla ya kuzungumza na wakili.